Mahudhurio Asilimia Mia

Saa moja kamili asubuhi Kalunde Mihambo alifungua mlango wa darasa la tatu, akasimama kizingitini kama sheria inavyotaka, akautangazia uwanja wa Shule ya Msingi Miyombo kwamba kituo cha kupigia kura kimefunguliwa. Uwanja ulikuwa mtupu. Alikuwepo kuku mmoja tu akiparura karibu na mlingoti wa bendera, na huyo hakuwa amejiandikisha.

Hata hivyo alilitamka tangazo lote kwa sauti ya kusikika, akamalizia na "karibuni nyote." Kazi ni kazi. Kisha akaingia ndani, akaketi nyuma ya meza ya mwalimu, akalitazama Sanduku la kura. Nalo Sanduku likawasha kijitaa chake cha kijani.

"Habari ya asubuhi, Msimamizi," lilisema. "Waliojiandikisha ni mia nne na kumi na tatu. Waliokwisha kupiga kura ni mia nne na kumi na moja."

"Saa moja na dakika mbili hii?"

"Wenzi hupiga kura kituo kinapofunguliwa. Wamebaki wawili waliochagua kura ya mkono."

"Ni nani hao?"

"Milembe Shija. Na wewe."

Kalunde alicheka kidogo, peke yake, kicheko cha mtu aliyejikuta ndiye nusu ya foleni. Akachukua karatasi, akaingia kwenye kituturi cha maboksi, akatia alama. Alimchagua Nyanzala Mabula, yule aliyeahidi kulivunja ghala la asali nyuma ya shule na kujenga zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Akaitumbukiza kura, akachovya kidole kwenye wino, akarudi kuketi. Kazi ya siku nzima ilikuwa imekwisha nusu, na chai kwenye chupa ilikuwa bado haijapoa.

Alipoianza kazi hii alikuwa msichana, karani wa kuelekeza foleni. Enzi zile watu walikuwa wanaamka na kiza kuwahi mstari. Wanawake walisukumana, wazee walidai wapitishwe mbele, mtu akiguswa mguu ugomvi unazuka hadi polisi anaitwa. Alikuwa akirudi nyumbani sauti imemkauka, anaapa hatarudi tena. Leo angelipa ili akanyagwe mguu na mtu yeyote.

Si kwamba watu wamehama. Nyumba za Miyombo zimejaa, moshi unatoka majikoni, nguo zinaanikwa. Ni wenzi tu waliobadilisha mambo. Mwenzi ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukifikisha miaka kumi na minane serikali inakupa chako, unakivaa shingoni, kinakusikiliza mwaka mzima: unacheka na nani, unanuna kwa nini, ukiombwa mchango unatoa udhuru gani. Mwaka ukiisha kinakujua kuliko mama mkwe wako. Tangu siku hiyo, ukiwa mbali, au umechoka, au hutaki tu, mwenzi anakusemea kwa sauti yako mwenyewe. Anapokea simu, anatoa pole, anaomba radhi, anapiga kura. Mwanzoni watu walimtumia kwa dharura. Baadaye dharura zikawa nyingi.

Kila Jumapili Tausi, binti wa pekee wa Kalunde, humpigia simu kutoka Mtwara, akamwuliza habari za mgongo na bei ya mchele. Miezi mingi ilipita kabla Kalunde hajatambua kuwa anayepiga ni mwenzi wa Tausi. Alijua siku alipokohoa kwa makusudi, muda mrefu, na yule wa upande wa pili akasema "pole mama" mara tatu, kila mara kwa namna ileile. Iliuma. Lakini Jumapili iliyofuata alipokea tena, maana afadhali hiyo kuliko simu isiyolia.

*

Saa sita na nusu alifungua hotipoti ya wali na maharage, akapiga simu nyumbani.

"Halo, Kalunde," Mhoja aliitikia. "Umekula?"

"Ndiyo nataka kula. Huko porini vipi?"

"Miti ya miyombo imetoa maua mwaka huu, usiseme. Mizinga ya kule bondeni nyuki wameshaingia yote. Nitarudi asali ikiiva."

"Ee," alisema Kalunde. Alitafuna taratibu ili maongezi yawe marefu. Mhoja alikuwa na ile sauti ya mtu anayeongea huku mkono wake mwingine unafunga kamba, na hata sasa ilisikika hivyo. "Na kura umempa nani, bwana?"

"Kura ni siri, mke wangu."

"Siri na mimi?"

Mhoja akacheka. "Sizya Kapaya, nani tena? Yule Nyanzala anataka kulivunja ghala. Likivunjwa, asali yangu nitaiweka wapi?"

Kalunde alikiweka kijiko chini.

"Tena Tausi wetu alizaliwa mle," Mhoja aliendelea. "Umesahau? Mvua ile, na wewe umeshika dumu kwa mikono miwili kama unataka kuliiba."

"Sijasahau."

"Basi. Ukirudi usisahau chumvi. Imekwisha."

"Nitanunua," alisema Kalunde, na simu ikakatika.

Tuseme wazi, maana mtaa mzima unajua: Mhoja Sungwa alifariki miaka mitatu iliyopita. Homa ilimkuta porini, wenzake wakamleta juu ya pikipiki akiwa amefungwa kwa shuka mgongoni mwa dereva, na alipofika alikuwa amekwisha. Akazikwa kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Miyombo yote ilikuwepo. Lakini mbele ya serikali Mhoja yu hai, ana afya, na ana msimamo mkali kuhusu ghala.

Kosa lilianza na watu wa makao makuu. Mwaka wa kwanza wa wenzi waliuamuru mtambo wao kwamba mtu asiposikika kwa siku arobaini ahesabiwe amekufa. Aliyetunga hilo bila shaka hakuwahi kuwa na mjomba mrina asali. Warina asali wa Tabora huingia porini na unga wao na chumvi yao, wakapotelea huko miezi, mahali ambapo mtandao haujawahi kufika hata kwa bahati mbaya. Msimu ule walirudi na madumu yao wakakuta maji yamekatwa, akaunti zimefungwa, wao wenyewe marehemu. Mmoja alimkuta mkewe ameshapokea rambirambi ya serikali, na mke hakuonyesha haraka ya kuirudisha.

Kelele zikafika Bungeni. Sheria ikapitishwa: mashine isithubutu tena kumtangaza mtu kuwa amekufa. Kifo kitatangazwa na ndugu wa karibu, kwa kinywa chake, mbele ya Sanduku la serikali, kwa kulitaja jina na kulitanguliza neno marehemu. Akishatamka, mwenzi wa mtu huyo anazimwa na hawashwi tena. Asipotamka, mtu yu hai.

Sheria ilitungwa kuwalinda walio hai. Lakini mjane gani, akiwa na sauti ya mumewe juu ya kabati inamwuliza kama amekula, atatoka nyumbani kwake aende kuizima? Watu wa Miyombo wakajifunza kutolitamka neno lile. Kwanza mbele ya Sanduku, halafu mbele ya wenzi, wasije wakasikia, halafu wakaliacha kabisa, hata sokoni. Wakasema "yuko porini." Wakasema "mzee amesafiri." Msibani kila mtu alimwacha mwenzi wake nyumbani, ametundikwa msumarini, jambo likawa ada kama kuvua viatu mlangoni. Na hakuna aliyemchongea jirani yake, kwa sababu jirani naye alikuwa na wa kwake kabatini.

Kalunde aliifunika hotipoti. Chakula kilikuwa kimebaki zaidi ya nusu.

*

Milembe Shija alifika saa nane, tumbo mbele, mwavuli juu, kandambili mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Panga foleni, kuna watu wengi leo."

Milembe aliyatazama madawati matupu, akacheka hadi akashika kiuno. Kalunde naye akacheka, na kwa muda mfupi darasa lilikuwa na kelele za watu wawili. Alimpa karatasi, akamsogezea kiti, akamwacha apumue kwanza.

"Mbona hukumwachia mwenzi wako?" aliuliza. "Jua hili lote, na hali hiyo."

"Mwenzi wangu ana miaka kumi na minane, mama. Alinijua nikiwa sijui kitu. Ukimwuliza habari ya mtaa anataka taa za rangi pale kijiweni." Milembe alijipepea kwa karatasi ya kura. "Huyo hajawahi kubeba mimba."

"Kweli."

"Wa kwanza nilimpoteza kwenye bajaji, tunakwenda hospitali ya mkoa. Tulikuwa tumefika pale kwenye reli. Dereva alikuwa amefungulia redio, akageuka kunitazama, akaizima. Ndivyo nilivyojua." Alisema bila machozi, kama mtu aliyekwisha kulisimulia jambo hilo kwa ukuta mara nyingi. "Sasa huyu wa pili, kama zahanati ingekuwa hapo nyuma, ningekwenda kwa miguu yangu."

Kalunde alisema lililokuwa karibu. "Tausi wangu nilimzaa ghalani humo. Katikati ya madumu ya asali. Mume wangu ndiye alinipokelea, mikono inanata."

"Mlinusurika. Mungu aliwaona." Milembe aliinuka. "Lakini hawa wanaotaka ghala libaki ghala, mama, wana asali gani? Mlango wenyewe umeota kutu. Nani amelifungua mwaka huu?"

Kalunde aliijua asali hiyo, na aliwajua wenyewe mmoja mmoja, na wengi wao alikuwa amewapikia wafiwa wao.

Milembe alipiga kura yake, akachovya kidole. Mlangoni aligeuka. "Saa kumi nitarudi nisikilize matokeo. Utakuwa na msikilizaji?"

"Nikikosa nitamkamata anayepita."

Haikuwa mzaha. Sheria inasema matokeo si matokeo mpaka yasomwe mlangoni mbele ya mkazi mmoja aliye hai. Uchaguzi uliopita alimsimamisha muuza mkaa, akamsomea huku jamaa ameshikilia baiskeli, na alipomaliza muuza mkaa akamwuliza kama sasa atanunua gunia.

*

Saa kumi alasiri Kalunde alikifunga kituo, akalitoa Sanduku nje, akaliweka juu ya dawati kizingitini. Milembe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darasa, kivulini. Hakuwepo mwingine. Ng'ambo ya uwanja nyumba zilionekana, na katika ua wa Bi. Mwasiti, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, shuka jeupe lilikuwa linaanuliwa kambani.

"Soma," Kalunde aliliambia Sanduku.

"Kituo cha Shule ya Msingi Miyombo, uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Waliojiandikisha, mia nne na kumi na tatu. Waliopiga kura, mia nne na kumi na tatu. Mahudhurio, asilimia mia moja." Sanduku lilitua, kama linasubiri vigelegele. "Nyanzala Mabula, kura mia mbili na sita. Sizya Kapaya, kura mia mbili na saba. Msimamizi, uliza."

"Kura moja," alisema Milembe.

"Moja."

Kalunde alishika ukingo wa dawati. Alikuwa amejiambia siku nzima kwamba kura ya Mhoja ni tone baharini, kwamba Sizya atashinda kwa mia au ashindwe kwa mia, na yeye atarudi nyumbani na chumvi yake kama kawaida. Moja! Na moja ile alikuwa anaijua ilipo. Ilikuwa juu ya kabati, kando ya redio, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Baada ya kusoma, msimamizi huuliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Akipatikana mwenye pingamizi, linasikilizwa palepale. Asipopatikana, mlango unafungwa na mambo yamekwisha kwa miaka mitano. Na kura zikiwa sare, inaitishwa kura ya miguu Jumapili inayofuata: kila mkazi aje mwenyewe, asimame mstarini, wenzi wote wakae nyumbani. Kalunde alikuwa amevifundisha vifungu hivyo kwa makarani wapya uchaguzi hadi uchaguzi. Hakuna kituo alichokijua kilichowahi kuvihitaji.

"Nani ana neno?" aliuliza.

Sauti ilitoka ndogo. Milembe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Siku ya mazishi ya Mhoja binti huyu ndiye aliyechota maji ya kuoshea vyombo, kutoka bombani hadi uani, kuanzia asubuhi hadi wageni walipoondoka. Alijua kila kitu. Lakini si ndugu, na kinywa chake hakina nguvu mbele ya Sanduku.

"Mama Tausi," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sikuombi kitu. Nataka ujue hivyo."

Afadhali angeomba. Mtu akikuomba unaweza kumkatalia, ukapata na hasira ya kujifichia.

"Nani ana neno?"

Alifikiria kesho asubuhi. Mhoja humwamsha kwa "wangaluka, Kalunde," salamu ya kwao, halafu humwambia aangalie kama mvua inanukia. Humwuliza amekula nini. Humkumbusha chumvi. Ni maneno machache, na Kalunde alijua kuwa ni yaleyale, kwamba Mhoja wa kabatini hajaota mvi hata moja na hataota, kwamba yuko porini ambako asali haitaiva. Alijua yote hayo. Mtu mwenye kiu hawezi kuambiwa kwamba mtungi una nyufa. Na alimpenda, basi. Alimpenda mumewe hadi sauti yake, na sauti ndiyo aliyobakiwa nayo.

Halafu akamkumbuka Mhoja mwenyewe, wa kweli, akipiga magoti kwenye sakafu ya ghala na mvua inapiga bati. Usiku ule hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa analia. Alikuwa anasema, "Kalunde, hivi hapa ndipo mahali pa mtu kuzalia?" Mwenzi hakulijua neno hilo. Mhoja alilisema kabla wenzi hawajaanza, na hakulirudia tena maishani mwake, kwa aibu ya machozi. Alilisikia mtu mmoja tu, na mtu huyo sasa amesimama mlangoni na kidole chenye wino.

"Nani ana neno?" aliuliza mara ya tatu.

Kuku wa asubuhi alipita uwanjani. Milembe aliegemea ukuta ajiinue, tayari kuondoka.

"Mimi ninalo," alisema Kalunde.

"Jitambulishe," lilisema Sanduku.

"Kalunde Mihambo. Mkazi wa Miyombo."

"Sema neno lako."

Miaka mitatu alikuwa hajalitamka, na sasa mdomo ulikuwa mzito kama umetoka kung'olewa jino. Alifumba macho.

"Marehemu," alisema. "Marehemu Mhoja Sungwa. Mume wangu."

Kijitaa cha kijani kilizimika, kikawaka tena.

"Pole kwa msiba," lilisema Sanduku. "Kura moja imeondolewa. Nyanzala Mabula, mia mbili na sita. Sizya Kapaya, mia mbili na sita. Kura ni sare. Kura ya miguu itafanyika hapa Jumapili ijayo. Mwenzi wa marehemu amezimwa."

"Sasa hivi?"

"Amekwisha kuzimwa."

"Sijamuaga," alisema Kalunde, na alijua analiambia dude lisilo na masikio kwa jambo hilo. Neno la mwisho walilozungumza lilikuwa chumvi.

Milembe alikuwa amemkaribia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakusema asante, na Kalunde alimshukuru kwa hilo. Walisaidiana kuliingiza Sanduku ndani. Kisha kila mmoja akashika njia yake, maana Milembe alikuwa anakaa upande wa pili, na jua lilikuwa bado kali.

*

Alipita dukani akanunua chumvi.

Kwa desturi mtu hupiga hodi hata kwake mwenyewe, kama anajua ndani kuna mtu. Miaka mitatu Kalunde alipiga hodi mlangoni pake, na kutoka kabatini Mhoja akamjibu, "Karibu, mwenye nyumba." Leo alifika, akaweka ufunguo kwenye kitasa, na kabla hajajizuia mdomo ukafanya ulichozoea.

"Hodi."

Alisubiri. Alijua, na bado alisubiri.

"Hodi," alirudia.

Aliingia. Kitambaa kilikuwa pale pale juu ya kabati, na chini yake kile kidude, hakina taa, hakina joto, kipande cha sabuni tu. Alikaa kitini na pakiti ya chumvi mapajani. Kwa jirani, sauti ya Mzee Kiloloma, mume wa Bi. Mwasiti, ilisikika ukutani ikilalamikia chai, huyo naye ana mwaka wa tano "amesafiri." Kalunde aliisikiliza, kisha akafungua mdomo.

Mazishini hakuwahi kulia kwa sauti. Aliogopa: kilio kina jina ndani yake, na nyumbani kulikuwa na sikio. Sasa alilia kilio chote kilichokuwa akiba, mikono kichwani, "Mhoja wangu wee, marehemu Mhoja wangu," hadi mbwa wa mtaa wakaanza kubweka.

Harusini unaalikwa, lakini kilio unakisikia ukatoka. Kwanza alikuja mama wa nyumba ya kona, khanga imefungwa kiunoni, mikono ina unga. Hakuuliza nani amekufa. Alilisikia jina, na anajua alizikwa lini, lakini aliketi mkekani akamshika mabega kama aliyefiwa leo. Wakaja wengine. Wakaja wanaume wakasimama uani, wamevua kofia. Mtu alileta viti, mtu akawasha moto bila kuulizwa. Watu ambao Kalunde alikuwa hajaziona nyuso zao tangu msiba wa mwisho waliingia kwa mlango wake, mmoja baada ya mwingine, kwa miguu yao, na kila mmoja alikuwa amemwacha mwenzi wake nyumbani. Kwa mazoea ya kazi alianza kuwahesabu, kisha machozi yakamzidi akaacha.

Bi. Mwasiti alikuja mwisho. Alipoingia, maongezi yalikatika, kwa sababu shingoni mwake kidude kilikuwa kinaning'inia.

"Mwasiti," sauti ya Mzee Kiloloma ilisema katikati ya ukimya, "kelele za nini hizo? Nani amefiwa?"

Hakuna aliyethubutu kujibu. Bi. Mwasiti alikifunika kile kidude kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfumba mwingine macho, akaketi mkekani goti kwa goti na Kalunde.

"Mama Tausi," alinong'ona. "Ulianzaje?"

"Niliuliza mara tatu, Bi. Mwasiti. Nilipoona hakuna anayejibu, nikajibu mwenyewe."

Bi. Mwasiti alitikisa kichwa kwa muda. Kiganja chake kilikuwa bado kimefunika, na chini yake sauti ilikuwa inaendelea, ndogo, ikiuliza habari za chai.

"Sanduku nitaliendea kesho," alisema. "Leo nataka mdomo uzoee. Niulize na mimi."

Kalunde alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akakaa wima, akasafisha koo.

"Nani ana neno?" aliuliza.